Manesi wa wodini: siku 9 na Mzee wangu, nawapa nyota 4 kati ya 5

Nimekaa na Mzee wangu wodini siku 9, moyo ulikuwa unamsumbua, na kabla sijasahau nataka niongelee manesi, mana ukisoma maoni ya watu kuhusu hospitali utakuta ni daktari tu, daktari mzuri, daktari mkali, nesi anatajwa pale alipokosea. Jengo, vitanda na vyoo viko sawa, sina la kusema sana.

Siku ya tatu asubuhi sista kaja na dawa, mojawapo digoksini, Mzee keshafungua mdomo anasubiri kidonge. Sista akamwambia ngoja kwanza baba, akamwekea kile chombo cha kusikilizia kifuani, akakazia macho saa yake akahesabu mapigo dakika nzima, sio ile ya kuhesabu sekunde 15 afu unazidisha mara nne. Yakaja 52. Akarudia, 52 tena. Akakirudisha kidonge kwenye kikopo. Mzee akaanza, "lakini daktari ameandika ninywe", na sista kwa upole kabisa, "baba hii dawa inapunguza kasi ya moyo na wako leo umeshapungua, nikikupa naweza nikakuumiza, acha nimpigie daktari sasa hivi." Akapiga tukiwa palepale, akaandika kwenye chati saa na hiyo 52. Daktari akaja, wakachukua damu, dozi ikapunguzwa.

Yaani mi nilibaki nimeduwaa, kwa sababu nimekua nikijua nesi kazi yake kuchoma sindano, kutandika kitanda na kufuata alichoandika daktari basi. Shangazi yangu ni nesi mstaafu, jioni alipokuja kumuona Mzee nikamsimulia akacheka, akasema wakati anaanza kazi daktari akiingia wodini wote mnasimama wima, na mgonjwa akikuuliza presha yangu ngapi unamjibu muulize daktari, hata kama umeipima mwenyewe!

Ila shangazi akaniambia kitu nikakipenda, kwamba kuhesabu hakujaanza leo. Florence Nightingale, yule nesi Mwingereza, alipoenda kuuguza askari vita ya Crimea mwaka 1854 watu wanakumbuka ile taa yake tu ya kuzungukia wagonjwa usiku, wakati kazi yake kubwa ilikuwa kuandika nani kafa na kafa kwa nini, ndo akaonyesha kwa namba kwamba magonjwa yalikuwa yanamaliza askari kuliko majeraha. 1860 shule yake ya manesi ikafunguliwa pale hospitali ya St Thomas' London. Kutambuliwa kisheria kulichelewa sana, New Zealand ndo walitangulia kwa sheria ya nchi nzima ya kuwasajili manesi mwaka 1901, afu ikachukua mpaka 1965 huko Colorado, Marekani, nesi Loretta Ford na daktari Henry Silver kuanzisha mafunzo ya manesi wa kumpima mtoto wenyewe na kuamua cha kufanya. Kwa hiyo ile "ngoja kwanza baba" imetoka mbali jamani.

Nyota moja naikata kwa ajili ya usiku. Wodi ina vitanda 28 na manesi wako wawili tu, na hao hao wawili wanatoa dawa, wanaangalia dripu, wanafunga vidonda, wanawageuza wasioweza kujigeuza wasipate vidonda vya mgongo, na kila kitu lazima kiandikwe. Usiku mmoja Mzee alibonyeza kengele tukasubiri dakika 40, mpaka sista anafika Mzee ameshajichafua, na kwa mtu mzima hiyo inauma sana. Sista aliomba radhi macho mekundu, akamsafisha kwa heshima mno, nikaona kabisa sio uzembe. Uongozi ndo niwaulize, kazi za nesi mmeziongeza hivo mbona watu hamjaongeza?

Siku ya kuruhusiwa sista yuleyule akakaa na mimi karibu nusu saa, dawa moja moja, akataka nimwelezee tena kwa maneno yangu, nikikosea ananirudisha. Akanishika vidole akaviweka kwenye kifundo cha mkono wa Mzee, upande wa kidole gumba, akasubiri mpaka nikausikia mshipa, akanipa namba ya wodi nipige kabla ya kumpa dawa nikikuta chini ya 60.

Leo asubuhi nimehesabu dakika nzima, 68.