Heda kwenye pikapu ya 1972: seti ya kwanza niliitoa, ya pili bado ipo

Nina Chevrolet C10 ya 1972, V8 ya lita 5.7, gia za mkono. Manifoldi zake, vile vyuma vya kukusanya moshi kutoka kwenye silinda, zilikuwa zimepasuka, nikaamua kufunga heda, yaani seti ya mabomba ya moshi yanayokaa mahali pa manifoldi, kila silinda na bomba lake. Nilianza na zile ndefu, ambazo mabomba yake manne kila upande huungana chini kabisa, karibu na giaboksi.

Nguvu ilikuja kweli, na gari lilivuta vizuri zaidi kwenye mizunguko ya kati. Shida niliiona siku ya kubadilisha plagi. Kwenye silinda namba 7, ya nyuma kabisa upande wa usukani, bomba lilipita pale pale spana inapotakiwa kuingia. Ilibidi nilegeze heda nzima ya upande ule, na ukishailegeza, gasketi ndiyo imekwisha. Plagi moja ikanila Jumamosi nzima.

Stata nayo ilinitesa. Ile ya asili ni kubwa, imekaa chini upande wa kulia, na bomba lilikuwa karibu kuigusa. Injini ikiwa ya moto, ukizima na kuwasha tena, ilizunguka kwa uzito kama betri imeisha, na betri ilikuwa nzima. Waya za ndani ya stata ni za shaba, na shaba ikipata joto ukinzani wake, yaani kuzuia umeme usipite, hupanda: joto likiongezeka digrii 100, ukinzani huongezeka kwa takriban asilimia 39. Nilifunga stata ndogo yenye gia za kupunguza mwendo, nikapata nafasi ya hewa kati yake na bomba, na uzito ule ukaisha.

Heda ndefu hatimaye nilizitoa. Za sasa ni fupi, mabomba ya inchi 1⅝, flanji (bamba linalobana heda kwenye injini) nene ya milimita 9.5 isiyopinda kwa joto. Mvuto wa kati umepungua kidogo, sikatai. Lakini gari hili nalihudumia mwenyewe, na plagi zote nane nazifikia kwa soketi ya kawaida.

Safari hii sikukaza chochote kabla ya kujaribu. Nilishika kila heda kwa bolti mbili tu, nikaweka plagi, waya zake, stata na filta ya oili, halafu nikafungua kila kimoja kana kwamba kimeharibika njiani. Nikakanyaga klachi hadi mwisho, kwa kuwa kwenye gari hili chuma kinachopeleka msukumo wa pedali kinapita kati ya injini na chesisi, upande ule ule wa heda. Nikazungusha usukani kushoto na kulia hadi ukomo. Acha nafasi ya kutosha kila mahali, maana injini hutikisika ikivuta mzigo, na bomba lisilogusa gari likiwa limesimama linaweza kugonga ukikanyaga mafuta.

Kuhusu kuzungushia mabomba kitambaa cha kuzuia joto, mimi sifanyi tena. Kinashika unyevu, na chuma cha kawaida kinaoza ndani yake bila wewe kuona. Za sasa zimepakwa seramiki kabla ya kufungwa.

Bolti nilizikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, nikapasha injini moto, nikaiacha ipoe kabisa, nikakaza tena. Mara ya kwanza karibu zote zilikuwa zimelegea. Nilirudia baada ya safari chache, na tangu hapo heda hazijavuja. Kinachonisumbua ni bolti moja tu ya nyuma upande wa kulia, inayotaka spana nyembamba yenye mdomo mfupi, nami naiacha hiyo spana ndani ya gari.