Legenda Aurea: kitabu kizuri kinachonunuliwa kwa sababu isiyo yake

Anayeagiza Legenda Aurea, mkusanyo wa karne ya 13 wa maisha ya watakatifu, akitaraji kuketi na watakatifu wa Zama za Kati atajikuta yuko Roma ya makaisari Decius na Diocletian, katikati ya matanuru, simba na magurudumu ya kutesea. Akilalamika, ana haki. Katika sura zipatazo 178, watakatifu walioishi karibu na zama za mwandishi wanahesabika kwa vidole: Mt. Bernardo, Mt. Thomas Becket, Mt. Dominiko, Mt. Fransisko wa Asizi, Mt. Petro wa Verona, na katika nakala nyingi Mt. Elizabeti wa Hungaria. Waliobaki ni mitume, wafiadini wa kale, wakaapweke wa jangwa la Misri, pamoja na sikukuu za Bwana na za Bikira Maria.

Kwa hiyo usikinunue ili uwajue watakatifu. Kinunue umjue muumini wa karne ya 13: alichosimuliwa kanisani, kilichomtisha, kilichomliza, na mtakatifu aliyemwomba ng'ombe wake alipougua. Kwa kazi hiyo hakuna kitabu kinachokipita.

Aliyekikusanya ni Jacobus de Voragine, Mdominiko (mtawa wa shirika la Mt. Dominiko) kutoka Varazze, mji wa pwani karibu na Genova. Alianza kazi miaka ya 1260 hivi, akaendelea kuirekebisha muda mrefu, akawa askofu mkuu wa Genova mwaka 1292, akafariki 1298. Hakukusudia kitabu cha kusomea kitandani. Wahubiri wa shirika lake walizunguka kwa miguu na walihitaji kitu kimoja cha kubeba, chenye habari za kutosha kwa kila sikukuu ya mwaka. Wadominiko wawili walimtangulia kwa mikusanyo mifupi ya aina hiyo, Jean de Mailly na Bartolomeo wa Trento, naye aliwachukulia mengi. Kazi yake ndiyo iliyoenea: nakala za mkono za Kilatini zilizobaki hadi leo ni kama 1,000. Na neno "legenda" lisikupotoshe. Kwa Kilatini ni "vya kusomwa", yaani masomo yaliyopangiwa siku zake, wala si ngano. Neno "Aurea", yaani "ya dhahabu", waliliongeza wasomaji.

Ukishajua kwamba ni ghala la mhubiri, sura zinaanza kueleweka. Nyingi hufungua kwa maana ya jina la mtakatifu, kisha maisha, kisha mateso na kifo, na mwisho miujiza kaburini. Kipande cha jina ndicho kinachowakwaza watu. Mt. Sesilia, kwa mfano, anaelezwa kuwa yungiyungi la mbinguni, mara njia ya vipofu, na maelezo mengine yanafuata. Kwa kipimo cha wanaisimu hayo hayasimami: jina ni la ukoo wa Kirumi wa Caecilii na asili yake ni neno lenye maana ya "kipofu". Lakini Jacobus hakuwa akiandika kamusi. Alimpa mhubiri vichwa vitatu au vinne vya mahubiri kabla hadithi haijaanza. Anayeviruka hapotezi historia yoyote. Anapoteza tu namna watu wale walivyosoma, ambayo ndiyo bidhaa yenyewe.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni mashaka ya mwandishi mwenyewe, na ajabu ni kwamba wanaomcheka kwa kuamini kila kitu huwa hawakuzifikia kurasa hizo. Anasimulia joka lililommeza Mt. Margareta, kisha anasema wazi kwamba habari hiyo haina uthabiti na si ya kuzingatiwa. Kwa Mt. Joji anatoa joka la mji wa Silena, Libya, pamoja na binti wa mfalme, lakini tayari ameonya kwamba habari za ufiadini wake ziliwekwa miongoni mwa maandiko yasiyotegemewa. Wakati wa kusoma weka alama pembeni kila anapopinga chanzo chake, anapolinganisha vyanzo viwili, au anapopiga hesabu ya miaka. Baada ya sura 20 picha ya mtu mwepesi wa kudanganyika inaanza kufutika.

Mfano bora ni Walalaji Saba wa Efeso, wa tarehe 27 Julai. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutambulishwa: ndio Watu wa Pangoni, ambao Sura ya Al-Kahf inataja walikaa miaka 300 na kuongeza 9. Jacobus amepokea mapokeo kwamba walilala pangoni miaka zaidi ya 370, anayaandika, halafu anapima utawala wa Decius, walipoingia pangoni, na mwaka wa kuamka kwao, anasema idadi hiyo haiwezekani. Kwa hesabu yake haifiki hata 200.

Sura hiyo hiyo ni kipimo kizuri cha toleo ulilo nalo. Ukikuta hesabu inatoa miaka 208, umeshika Kiingereza cha William Caxton cha mwaka 1483, ndicho kinachopatikana bure kwa wingi kwenye intaneti. Ni Kiingereza kitamu cha kale, ila si kitabu kile kile: Caxton aliongeza hadithi za Agano la Kale na watakatifu wengine, na tarakimu zake mara nyingi zimeyumba. Usimnukuu kana kwamba ni Jacobus. Anayetaka tafsiri kamili ya Kiingereza cha leo achukue ya William Granger Ryan ya 1993, ya juzuu mbili, ambayo baadaye ilitolewa pia kwa juzuu moja. Kwa Kilatini, toleo la Graesse la 1846 lina sura 243 kwa kuwa limebeba nyongeza za watu wengine. La Giovanni Paolo Maggioni la 1998 ndilo lenye sura 178. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba Mt. Barbara yumo na mwenzake akaapa hayumo, na wote wakawa wakweli. Matoleo yaliyofupishwa yaache. Kwa kawaida hukata etimolojia (maelezo ya majina) na mashaka, yakabaki mateso matupu, na mateso matupu ya watu 60 mfululizo huchosha upesi.

Namna ya kukisoma: sura moja, siku yake. Kitabu kinaanza na Majilio, mtakatifu wa kwanza ni Mt. Andrea wa tarehe 30 Novemba, halafu Nikolasi, Lusia, Tomaso, kisha Noeli. Sura fupi ni za dakika chache. Ya Dominiko au ya Fransisko itachukua nusu saa na zaidi. Kosa la kawaida ni kutumia kalenda ya Kanisa ya sasa, kwa sababu marekebisho ya 1969 yalihamisha wengi. Mt. Tomaso mtume yumo tarehe 21 Desemba, leo ni 3 Julai. Mt. Gregori Mkuu yumo 12 Machi, leo ni 3 Septemba. Mt. Benedikto yumo 21 Machi, leo ni 11 Julai, maana wawili hawa waliondolewa ndani ya Kwaresima. Fuata mpangilio wa kitabu, usirukeruke kutafuta tarehe ya leo.

Wanaokinunua ili watambue sanamu na madirisha ya makanisa watafaidika, kwa tahadhari. Gurudumu la Katarina wa Aleksandria utalipata. Macho ya Mt. Lusia yaliyowekwa kwenye sahani huyaoni humu: Jacobus anasimulia jozi za ng'ombe zilizoshindwa kumsogeza na upanga wa kooni, basi. Macho yalifika kwenye picha zake kwa njia nyingine. Na sura ya Barlaam na Yosafati isomwe kwa utulivu, kwa kuwa mwanamfalme yule anayefungiwa jumbani asione uzee, ugonjwa wala kifo ni Buddha, aliyesafiri kupitia Kiarabu, Kijojia na Kigiriki hadi akawa mtakatifu wa Kilatini.

Kuna pabaya pia. Sura ya Papa Pelagius, karibu na mwisho, kwa kweli ni historia ya Walombardi (taifa la kale lililotawala sehemu ya Italia) iliyopachikwa, na ni nzito kama jiwe. Humo na katika sura nyingine kuna maneno makali juu ya Waislamu na Wayahudi. Ni ya zama zake, hayapendezi, na wa kusoma na vijana ayapitie kwanza peke yake. Maria Magdalena amechanganywa na Maria wa Bethania na yule mwanamke mwenye dhambi wa Injili ya Luka, kama ilivyozoeleka Magharibi tangu mahubiri ya Gregori Mkuu.

Upungufu mkubwa, hata hivyo, ni wa kiroho. Mtakatifu wa Jacobus hakui. Anazaliwa imara, anajibu hakimu kwa ufasaha, anakatwa kichwa. Husikii anavyosali akiwa mkavu wa moyo, wala anavyogombana na nafsi yake. Hata Petro wa Verona, aliyeuawa 6 Aprili 1252 na kutangazwa mtakatifu hata mwaka haujatimia, amemiminwa katika kalibu ya wafiadini wa kale.

Kwa hilo inabidi uende kwa watakatifu wenyewe. Kwa Katarina wa Siena (1347–1380) anza na barua, ambazo ni kama 380, si na kitabu chake Majadiliano, alichowaimlia waandishi wake mwaka 1377 na 1378. Majadiliano ni marefu na hurudia taswira zake, hasa Kristo kama daraja lenye ngazi tatu, miguu, ubavu na kinywa, na asiyeizoea sauti yake huishia njiani. Barua zina mtu upande wa pili: Papa, malkia, askari wa kukodiwa, mama mzazi. Ile aliyomwandikia Raimondo wa Capua kuhusu kijana aliyekatwa kichwa Siena, naye Katarina akikipokea kichwa mikononi, inafundisha juu ya maombezi kuliko sura kumi za Jacobus. Raimondo mwenyewe, muungamishi wake, aliandika maisha ya Katarina, na mwishoni mwa sura hutaja nani alimpa habari hizo. Yasome baada ya barua, uone alichokipaka rangi.

Kwa Fransisko, maandishi yake halisi ni machache na mafupi, yanamalizika kwa siku mbili. Shika Wosia wa 1226 kwanza. Sala ya kuomba kufanywa chombo cha amani, inayobandikwa jina lake, usiitafute humo. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika jarida la Kifaransa la Paris, bila jina la mtunzi.