Gripu za gofu kwa mikono ya Dar: ipi ya kwanza, ipi uiache dukani

Kwa mchezaji wa Dar, gripu, yaani kishikio cha raba cha fimbo, huchaguliwa kwa jasho kwanza; rangi na chapa baadaye. Joto la Desemba hadi Machi likishika, kabla hujamaliza mashimo tisa ya kwanza kwenye viwanja vya Gymkhana au Lugalo, glavu imeshalowa na mkono usio na glavu unateleza. Mkono unaoteleza hubana. Ukibana, vifundo vinakaza, uso wa fimbo unachelewa kufunga, na mpira unakimbilia kulia. Wengi hapo hukimbilia kwa kocha kurekebisha swingi, yaani namna wanavyozungusha fimbo, wakati tatizo ni raba ya gripu iliyong'aa kama soli ya kandambili kuukuu. Maelezo haya ni ya anayepiga kwa kulia. Wa kushoto ageuze.

1. Mseto: nyuzi juu, raba chini

Mfano unaojulikana zaidi ni MCC ya Golf Pride. Nusu ya juu, unapokaa mkono wenye glavu, raba imechanganywa na nyuzi za pamba zinazoshika hata zikilowa. Nusu ya chini ni raba laini, haikwaruzi mkono mtupu. Kwa hali ya hewa yetu hii ndiyo namba moja, na hatuoni inayoikaribia. Ipo pia ya Plus4, ambayo sehemu ya chini ni nene kana kwamba umeongeza mizunguko minne ya tepu chini yake. Mwenye mkono wa kulia unaotawala, mpira wake ukipinda kushoto kila mara, aanze na hiyo. Kasoro ni mbili: nyuzi hula glavu, hasa chini ya kisigino cha kiganja, na bei imechangamka.

2. Raba tupu

Tour Velvet ya Golf Pride au Crossline ya Lamkin. Mara nyingi huuzwa karibu nusu ya bei ya mseto, na ukizidisha mara 13, kwa seti nzima bila pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni), tofauti inauma. Mwenye mikono mikavu, anayebadilisha glavu katikati ya raundi na kutembea na taulo, haoni sababu ya kulipa zaidi. Wakati wa masika ndipo inaposhindwa.

3. Nyuzi mwanzo mwisho

Inashika kuliko zote kwenye mvua, lakini ni kavu na kali. Ukipiga ndoo mbili za mazoezi bila glavu, malengelenge hayako mbali. Ni ya mwenye viganja vilivyokwisha kukomaa.

4. Polima laini

Hii ndiyo inayouzika kwa kubonyezwa tu dukani. Winn Dri-Tac inanata vizuri ikiwa mpya na inapunguza mtetemo, lakini huchakaa mapema kuliko raba, na fimbo zikilala kwenye buti la gari juani mambo huwa mabaya zaidi. Tungeipandisha hadi namba moja kwa mzee mwenye maumivu ya viungo vya vidole au kiwiko. Wengine waiache.

Pata haimo kwenye orodha hii. Sheria za gofu zinaruhusu gripu yake kuwa bapa, za fimbo nyingine zote lazima ziwe za mviringo, kwa hiyo chagua yoyote inayotuliza mikono.

Unene

Pima kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Chini ya sentimita 17.8, chukua nyembamba. Hadi 22 hivi, ya kawaida. Kutoka hapo hadi 23.5, midsaizi, zaidi ya hapo, jumbo. Kisha hakikisha kwenye fimbo yenyewe: shika kwa mkono wa kushoto peke yake. Ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kidogo tu nyama iliyo chini ya dole gumba. Zikichimba, gripu ni nyembamba. Likibaki pengo, ni nene.

Walimu wengi wanasema nyembamba huachia mikono igeuke haraka na mpira upinde kushoto, na nene huituliza hadi, ikizidi, mpira ubaki kulia. Ni kweli kiasi, ila unene hautibu swingi mbovu. Tena gripu nene mara nyingi huwa nzito, na uzito ukiongezeka nyuma, kichwa cha fimbo huhisika chepesi.

Kabla ya kulipa

Tazama alama kwenye mdomo wa gripu. M60R maana yake tundu la inchi 0.600, mviringo kamili. 58 ni 0.580. Zisizo na R zina kimgongo cha ndani cha kuongoza vidole. Kwa draiva, fimbo ya kupigia mbali, ambayo mpini wake (fito inayovaa gripu) huzunguka unaporekebisha uso, nunua ya R, la sivyo kimgongo kitahama. Seti za mtumba huchanganya mipini, kwa hiyo nenda na fimbo ipimwe unene wa mpini kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo. Maandishi yakifutika kwa kucha, huenda ni feki, rudisha.

Kufunga

Kata gripu ya zamani kwa wembe wa ndoano, ukisukuma mbali na mwili. Wembe ulionyooka hujeruhi mpini wa grafaiti. Ondoa tepu yote. Bandika selotepu ya pande mbili, ukiacha sentimita moja ipite juu ya mpini na kuikunjia ndani. Kila mzunguko wa ziada wa masking tepu chini yake huongeza unene kama inchi 1/64. Ziba tundu dogo la nyuma ya gripu mpya kwa tii (kijiti cha kuwekea mpira), mimina waiti spirit ndani, tikisa, kisha imwagie tepu yote. Hapo ndipo wengi hubania: tepu ikikauka sehemu moja, gripu hukwama nusu njia. Isukume kwa mkupuo mmoja hadi igote, nyoosha alama ndani ya dakika moja, uache hadi kesho yake. Usitumie petroli, na usifanye karibu na jiko.

Kama hujaamua kati ya namba 1 na 2, usinunue 13. Funga moja kwenye aironi 7, nyingine kwenye aironi 8, uzipige mchana wa jua kali ukiwa umelowa.