The Simpsons na deni lake kwa The Twilight Zone: zitazame mbili mbili

Kama unalipia Disney+ hapa Marekani na umewahi kutazama vile vipindi vya Halloween vya katuni ya The Simpsons, Treehouse of Horror, nakuomba uvirudie, safari hii usivitazame peke yake. Hadithi kadhaa za miaka ile ya mwanzo zina kaka yao mkubwa, yuko kwenye picha za rangi nyeusi na nyeupe, na yeye ndiye wa kutanguliza.

Huyo kaka ni The Twilight Zone ya Rod Serling, iliyoonyeshwa na CBS kuanzia Oktoba 1959 hadi Juni 1964: vipindi 156, na Serling mwenyewe aliandika 92. Kila kipindi ni hadithi inayojitegemea, watu wapya, mji mpya, na mwishoni jambo ulilodhani unalielewa linageuka mbele ya macho yako. Ukiondoa msimu wa nne, ambao vipindi vyake ni vya saa nzima, kipindi kimoja hakifiki hata nusu saa. Hadithi ya The Simpsons inayokiitikia ni ya dakika sita au saba. Kwa hiyo ukila chakula cha jioni saa moja na nusu, saa mbili kasorobo unaanza, na kabla ya saa mbili na nusu umeziona zote mbili.

Mimi ni dereva wa basi la shule hapa Columbus, Ohio, na nianze na jozi inayonihusu.

Kipindi cha Serling kinaitwa "Nightmare at 20,000 Feet", cha Oktoba 1963. Kiliandikwa na Richard Matheson na kuongozwa na Richard Donner, na mhusika mkuu ni William Shatner akiwa bado kijana. Ni Bob Wilson, mtu aliyetoka kutibiwa baada ya akili kumwelemea, anarudi nyumbani kwa ndege na mkewe. Nje kuna mvua na radi. Anafunua pazia la dirisha na kuona kiumbe kwenye bawa, kinachezea injini. Akimwita mtu aje kuona, kiumbe hakipo. Mwisho anaiba bastola ya polisi aliyesinzia, anafungua dirisha la dharura na kukipiga risasi angani. Ndege inatua, Bob anashushwa kwa machela akiwa amefungwa, na kamera inapanda taratibu kutuonyesha bati la injini lililobanduliwa. Sauti ya Serling inatuahidi kwamba muda si mrefu wengine nao wataamini.

The Simpsons waliichukua hadithi hiyo mwaka 1993, kwenye Treehouse of Horror IV, wakaiita "Terror at 5½ Feet". Ndege imekuwa basi la shule la Otto. Bob amekuwa Bart, mtoto wa kiume wa familia ya Simpson. Na kiumbe kimeng'ang'ania ubavuni mwa basi, kinalegeza nati za gurudumu.

Hapo mwili wangu ulisisimka. Kila alfajiri, kabla sijaenda kumchukua mtoto wa kwanza, nalizunguka basi na tochi. Gurudumu moja baada ya jingine, naangalia kama kuna michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati na kushuka kwenye rimu. Ukiiona hiyo, nati imelegea, na basi haliondoki. Waliotengeneza katuni hii walijua pa kugusa. Kwenye ndege, abiria anaogopa kuanguka, na sisi tulio chini tunamwonea huruma tu. Kwenye basi la shule, kinacholegezwa ni kitu ambacho mzazi yeyote amekikabidhi kwa mtu kama mimi bila hata kukiuliza.

Bart anapiga kelele na hakuna anayemsikia. Otto, ambaye ndiye dereva, anaposikia neno "gremlin" anadhani ni lile gari la AMC Gremlin linalopita kando, la Hans Moleman, akalisukuma nje ya barabara. Bart anafungwa asisumbue wenzake. Anafanikiwa kujitoa na kukiunguza kiumbe kwa fataki ya dharura. Basi linafika shuleni, watoto wote wanashuka na wanaona lilivyochanwachanwa. Ushahidi uko wazi, mchana, mbele ya mwalimu mkuu. Na bado Skinner anampeleka Bart hospitali ya vichaa, kwa sababu, hata kama alisema kweli, alivuruga utulivu.

Hapo ndipo hadithi hii fupi inapokwenda mbali kuliko kaka yake mkubwa, na nasema hivyo nikiwa nampenda Serling kwa moyo wote. Serling anaamini kwamba ukweli ukionekana, aliyedharauliwa atapata haki yake. The Simpsons wanasema ukweli umeonekana, na mtoto amefungwa vilevile. Nimebeba watoto wa kutosha kujua ni ipi kati ya hizo mbili hutokea mara nyingi zaidi. Mtoto wa kiti cha nyuma akiniambia anasikia harufu ya kitu kinachoungua, nasimamisha basi pembeni. Sisubiri mtu mzima athibitishe.

Jozi ya pili ninayoipenda ni ya Treehouse of Horror ya kwanza kabisa, Oktoba 1990. "To Serve Man" ya Machi 1962 inaleta viumbe warefu kutoka sayari nyingine ambao wanamaliza njaa na vita duniani. Wameacha kitabu chao, na wataalamu wanatafsiri jina lake: linaonekana kuahidi kuwatumikia binadamu, ingawa neno "serve" la Kiingereza lina maana pia ya kuandaa chakula mezani. Watu wanapanga foleni kwenda kuitembelea sayari ya wafadhili. Mtaalamu Chambers yuko ngazini kabisa msaidizi wake anapofika akikimbia na kupaza sauti kwamba kile ni kitabu cha mapishi.

Kwenye The Simpsons, familia inanyakuliwa na Kang na Kodos, viumbe wa sayari nyingine, ikiwa uani inachoma nyama. Ndio mara ya kwanza tunawaona hao wawili, na mpishi wao, Serak, ana sauti ya James Earl Jones. Wanaandaliwa karamu. Lisa, dada yake Bart, anaingiwa na shaka, anakipata kitabu, na jalada linasema ni namna ya kupika binadamu. Kiumbe mmoja anapuliza vumbi: kumbe ni namna ya kuwapikia binadamu. Lisa anapuliza tena: kuwapika binadamu arobaini. Vumbi la mwisho linapotoka: kuwapikia binadamu arobaini. Wenyeji wao walikuwa wema tangu mwanzo. Wameumia, mpishi analia, na familia inarudishwa nyumbani, imeikosa pepo kwa mdomo wa mtoto wao mwenye akili kuliko wote.

Nilipoitazama na binti yangu, alinyamaza, kisha akauliza, "Baba, sasa Lisa angefanyaje? Si alikuwa sahihi kuogopa?" Tuliliongea hilo mpaka tukamaliza kuosha vyombo. Alikuwa ameiona ya Serling kwanza, dakika chache tu nyuma, kwa hiyo aliogopa pamoja na Lisa. Angeona katuni peke yake, angecheka vumbi na kwenda kulala.

Jozi ya tatu ina Ohio ndani yake. "It's a Good Life" ya Novemba 1961 inatokea katika mji wa kubuni wa Peaksville, hukuhuku Ohio, ambako mtoto wa miaka sita, Anthony, anasoma mawazo ya watu na kuwaadhibu wasiowaza mazuri. Mtu mmoja anageuzwa kikaragosi kinachochomoka kwenye boksi kwa springi. Mwaka 1991 Bart alimfanyia baba yake, Homer, hivyohivyo. Kwa Serling, wakazi hawana tumaini, wanatabasamu tu. Kwa The Simpsons, daktari anashauri baba na mwana watumie muda pamoja, wanaenda kuvua samaki, na inafanya kazi. Bart anamwambia baba yake anampenda, kisha anaamka usingizini akipiga yowe. Yowe lile linaharibu kidogo. Ningependa wangeiachia ile safari ya uvuvi ibaki ilivyo.

"Living Doll" ya 1963, na mwanasesere wake Talky Tina, ni bora kuliko itikio lake la 1992. Telly Savalas anacheza baba wa kambo mkali hata unamtakia mwanasesere ushindi, halafu unaona haya kwa kumtakia. Homer na mwanasesere wa Krusty, yule mchekeshaji wa televisheni, wanachekesha, na swichi ya mgongoni yenye upande wa wema na upande wa uovu ni ya werevu, ila hofu imekwisha. Na ile ya saa inayosimamisha dunia, ya 2003, ruka. Serling anamwacha mtu mmoja peke yake milele kwenye ulimwengu ulioganda. Bart na rafiki yake Milhouse wanakaa miaka 15 wakiirekebisha saa, na inarekebika.

"Homer³" ya 1995 itazame kwa utulivu. Inatoka kwenye "Little Girl Lost" ya 1962, ambapo msichana anapotelea ukutani nyuma ya kitanda chake. Homer, akiwakimbia Patty na Selma, dada za mkewe, anapenya ukuta na kujikuta kwenye ulimwengu wa pande tatu uliochorwa kwa kompyuta na Pacific Data Images. Simamisha picha usome namba zinazoelea nyuma yake: 1782 kwa kipeo cha 12 kujumlisha 1841 kwa kipeo cha 12 ni sawa na 1922 kwa kipeo cha 12. Kikokotoo cha kawaida kitakubali. Hesabu zenyewe zinakataa: 1782 na 1922 ni shufwa, yaani zinagawanyika kwa mbili, na 1841 ni witiri, na hata zikipandishwa kipeo cha 12 zinabaki hivyo; shufwa kujumlisha witiri ni witiri, na upande wa pili ni shufwa, kwa hiyo pande mbili haziwezi kulingana. David X. Cohen, mwandishi aliyeipachika, aliitafuta kwa makusudi.

Kuhusu huduma yenyewe: Disney+ ilipoanza Novemba 2019, vipindi vya zamani vya The Simpsons vilinyooshwa au kukatwa juu na chini ili vijaze televisheni pana. Tangu Mei 2020 unaweza kurudisha umbo la awali. Fungua ukurasa wa The Simpsons, nenda kwenye maelezo, zima chaguo la umbo lililorekebishwa. Lifanye hilo kabla ya kitu kingine, maana kila kipindi nilichokitaja hapa kilichorwa kwa televisheni za zamani, na vichekesho vingi viko pembezoni mwa picha.

The Twilight Zone mimi ninayo kwenye diski za Blu-ray, picha ni safi hata unaona jasho kwenye paji la uso la Shatner. Na ukiwa na watoto wadogo, mfuate Marge, mama yao Bart na Lisa, ambaye kwenye kipindi kile cha 1990 anatoka mbele ya pazia kuwaomba wazazi wawalaze watoto mapema. Talky Tina hasa, msubirishe mpaka mtoto aache kulala na wanasesere.