Picha nzuri, yule wa mlangoni mungempeleka kwingine

Hasira hii nimekaa nayo kitambo, sasa naitoa. Kuna maonyesho ya picha hapa Bagamoyo, kwenye nyumba moja ya mawe huko Mji Mkongwe. Ni ya kijana wetu ambaye wengi tunamjua kwa gitaa lake na kwa yale mabango ya muziki anayobuni. Mara yake ya kwanza kuonyesha kazi zake peke yake. Nikamchukua mjukuu wangu, tukaenda.

Mlangoni kakaa kijana mwingine, macho kwenye simu. Mtu mzima nimemsimamia mbele, shikamoo hakuna. Kanitazama kuanzia ndala mpaka mtandio, kisha: "Mama, hapa ni maonyesho." Kwani alidhani nimekuja kusaga mahindi?

Ndani, nisiwe mnafiki, kazi zilinishika. Ukuta mzima msanii kabandika chapa kubwa kwa mpangilio wa kanga, pindo pande zote, mji katikati, na pale panapokaa jina kaweka mstari wa nota. Mjukuu wangu kafundishwa nota kidogo, akaanza kugonga mapigo yake pajani. Chakacha! Nilicheka peke yangu.

Bei zote kwa dola, na serikali imeshapiga marufuku tangu 2025. Hilo nalipita.

Katikati ya chumba, juu ya meza, kuna ilimba, ile ala ya njiti za chuma unazozipiga kwa vidole gumba. Wa umri wangu hapa tunaijua kwa marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyeishi nasi Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Msanii wetu ubao wake kaupaka rangi kwa kufuata njiti, sauti nene rangi nzito, sauti nyembamba rangi nyepesi, yaani unaona wimbo kabla hujausikia. Pembeni kibao, kwa mwandiko wa msanii mwenyewe: PIGA USIKIE. Mtoto akanyoosha kidole gumba.

"We! Mama, mzuie mtoto, hivyo si vya kuchezea!"

Nikamwonyesha kibao. Eti hicho cha wageni. Cha wageni, na kimeandikwa Kiswahili! Hatujakaa sawa wakaingia Wazungu wawili. Yule yule ambaye kiti kilikuwa kimemganda akainuka, karibu sana, karibuni sana, nao wakaipiga ile ilimba mpaka wakachoka, yeye akiwapiga picha kwa simu zao. Mjukuu wangu kasimama kando, mikono kaificha nyuma.

Nilitoka nimeapa kuwaambia watu wote wasiende. Na msiende. Au basi, nendeni, maana zile chapa za kanga sijaona mfano wake, na msanii hana kosa, siku ile hakuwepo. Ingawa naye, unaandika "piga" halafu unamweka mtu wa namna ile mlangoni? Hata hujamwambia kazi yako inataka nini?

Nendeni, ila mpelekeni mtoto, na aipige. Akiambiwa ni ya wageni, asitoke mtu pale.

Nyota nne. Hapana, tatu. Na wewe mwenye nyumba, ukiusoma huu ujumbe, yule kijana mtafutie kazi ya kulinda ghala, huko hakuna wa kumwamkia.