Unataka kujichapishia kitabu? Anzia hapa

Jamani kama una muswada umelala tu kwenye kompyuta na hujui pa kuanzia, nenda kwanza kurasa za msaada za Amazon KDP (huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu), ni bure na zinaeleza mpaka vile vitu vidogo ambavyo hakuna mtu anakwambia. Mimi ndo nilijifunza hapo kwamba kitabu cha kurasa 151 hadi 300 pambizo ya ndani (nafasi tupu upande wa mgongo) isipungue milimita 12.7, manake niliweka nyembamba, nakala ya majaribio ikaja maneno yamemezwa na mgongo ikabidi nipange faili upya lote. Ila lugha yao kavu, kama unasoma sheria.

Kozi za Reedsy, tovuti ya waandishi, ndo zinaelezea kirafiki, unajisajili bure wanakutumia somo moja kwa imeili kila siku kwa siku 10, ile ya uhariri imenisaidia sana.

Halafu blogu ya Writer Beware usiiruke kabisa! Wanaanika wachapishaji matapeli. Kuna kampuni ilinisifia kitabu ambacho hata hawajakisoma kisha wakataka hela kwanza, nikakuta mbinu ileile imeelezwa pale, nikakata mawasiliano siku hiyohiyo.