TAHADHARI kwa wanafunzi mlioko Uingereza: kuna tapeli anauza "sponsa" wa viza ya Graduate

Ndugu zangu mnaosoma huku, hasa mnaomaliza masters, someni hii na muwatumie wenzenu. Kuna mtu anapita nyumba za wanafunzi Leicester na miji ya jirani, anauza "kifurushi" cha kukutoa viza ya mwanafunzi na kukuingiza viza ya Graduate, ile ya kubaki kufanya kazi baada ya masomo. Kifurushi hicho hakipo. Ameniliza £4,150, na siko peke yangu. Jina lake nimewapa polisi, hapa silitaji, lakini wengi wenu mtamjua nikisema ndiye anayeshika daftari la rambirambi kila tunapopata msiba.

Nimekaa kimya muda mrefu kwa aibu. Nilikuwa nikifikiria watu watasemaje, mtu na masters yake anapigwa hivi. Sasa aibu namrudishia mwenyewe.

Kabla hamjauliza nilimwaminije: nyie mngemkataaje? Huyu ni mtu anayetangulia kwenye dua. Mke wake ndiye aliyetupikia pilau shughuli ya Idi. Aliniambia anamjua baba yangu mdogo wa Tanga, akamtaja mpaka mtaa anaokaa, na ni kweli. Hakunifuata yeye, mimi nilielekezwa kwake na watu wazima ninaowaheshimu. Na ule ulikuwa wakati wa hofu. Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba miaka miwili ya viza ya Graduate itapunguzwa kuwa miezi 18, kila mtu anauliza "mimi nimo au simo?" Yeye akawa anatuambia mlango unafungwa Januari, asiyewahi amekosa. Uongo mtupu. Miezi 18 ni kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027, na wenye PhD wanabaki na miaka yao 3. Lakini mtu akikwambia hivyo kwa Kiswahili chenu, kwa sauti ya upole, jikoni kwako, unatulia.

Ilikuwa Novemba, jioni, matokeo ya dissertation bado. Nimetoka shifti ya asubuhi kwenye kea, kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, nimepika chai ya maziwa, nimekaanga na maandazi, kwa sababu ni mgeni na ni mkubwa wangu. Shoga yangu yupo, ni shahidi. Akafungua kompyuta yake mezani, akatuonyesha ukurasa wa GOV.UK, tovuti ya serikali, wenye ile nembo ya taji, tukauona kwa macho yetu. Akaniuliza namba ya pasipoti, akaandika. Akauliza namba ya CAS, ile chuo ilichonipa ya kuombea viza ya mwanafunzi, akaandika. Nikamwambia nijuavyo mimi chuo lazima kwanza kiwajulishe Home Office, wizara inayoshughulikia uhamiaji, kwamba nimemaliza kozi. Akatabasamu, "Mdogo wangu, nina mtu ndani." Tulipofika kwenye malipo akaigeuza kompyuta ikamtazama yeye, akasema mfumo unakataa kadi za wanafunzi, nimtumie kwenye akaunti yake alipe kwa kadi ya ofisi.

Akanihesabia: ada ya viza £880. Ada ya afya £1,035 kwa mwaka, mara miwili ni £2,070. Jumla £2,950. Hapo ndipo alipotupiga changa la macho, kwa sababu viwango hivyo vilikuwa vya kweli kabisa! Shoga yangu alivitafuta kwenye simu palepale, vikalingana. Ningeshuku nini? Juu yake akaweka £1,200 ya "barua ya sponsa", yaani ya mwajiri wa kunidhamini, kutoka kampuni ya kea, na hiyo akaitaka taslimu.

Kisha akapiga simu. Akaweka spika. Akaitikia mama wa Kiingereza, sauti ya kiofisi, akasoma jina langu herufi kwa herufi na kusema ombi limepokewa. Nikatuma £2,950, akiba yangu ya shifti pamoja na fedha aliyonitumia kaka kutoka Dar. Alipoiona imeingia, akasema bismillahi, akabonyeza kitufe. Bismillahi! Kila nikikumbuka neno hilo, na nilivyoitikia amina na kumfungia maandazi yaliyobaki ampelekee mkewe, damu inanichemka.

Ile £1,200 nilimpa mkononi baada ya kupokea mchezo wangu wa upatu. Akaniletea barua yenye nembo, na risiti ya Home Office yenye namba ndefu. Kampuni hiyo nimekuja kuipigia, haimjui.

Desemba akanishauri niende nyumbani. "Nenda kamwone mama, viza imeshaingia kwenye mfumo." Mnaojua hali ya mama yangu mnajua maneno hayo yalinigusa wapi. Nauli za krismasi ndizo zilizonizuia. Viza ya Graduate inaombwa ukiwa ndani ya Uingereza tu, kabla viza ya mwanafunzi haijaisha. Ningepanda ndege ile viza yangu ingeishia Dar, na mlango ungefungwa kabisa. Yeye alilijua hilo. Alitaka niwe mbali ili nisiweze kumdai.

Januari meneja wangu wa kea akaniomba share code mpya, namba ya mtandaoni ya kumwonyesha mwajiri kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Inaonyesha mwanafunzi, na mwisho wa viza ni mwezi huohuo. Nikamwambia nimeshaomba, nina risiti. Akawauliza Home Office kwa ile huduma yao ya waajiri. Jibu likarudi: hakuna ombi lolote kwa jina langu. Nikatolewa kwenye rota mbele ya wenzangu.

Nilikimbilia ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni. Yule dada alitazama ile risiti mara moja tu akasema ni ya kughushi. Akaangalia kwenye kompyuta, chuo kilikuwa kimeshapeleka taarifa yangu. Nikaomba palepale, kwa simu yangu, programu ya Home Office ikasoma kitambulisho na kunipiga picha ya uso. Nikalipa £2,950 mara ya pili, za kukopa kwa akina dada wa mchezo, Mungu awalipe. Hakuna aliyeniuliza sponsa. Hakuna aliyeniuliza barua ya kazi, wala fedha benki, wala mtihani wa Kiingereza. Viza imetoka, miaka miwili. Kwa hiyo £1,200 nilinunua kitu ambacho viza hii haikihitaji kabisa.

Dalili zake ni hizi: ombi alilifungua kwa barua pepe yake, eti nisisumbuliwe. Sura yangu haikupigwa picha. Malipo yalienda akaunti ya mtu binafsi. Anadai ana mtu ndani. Na ukimuuliza namba yake ya usajili ananuna, kwa sababu anayetoa ushauri wa uhamiaji nchi hii lazima awe wakili au awe amesajiliwa na Immigration Advice Authority, wale waliokuwa wakiitwa OISC mpaka Januari 2025. Orodha yao iko wazi mtandaoni. Yeye hayumo.

Kufanya kazi hiyo bila usajili ni jinai, kifungo chake hadi miaka 2. Ulaghai, kwa sheria ya 2006, hadi miaka 10. Nataka apewe yote. Na jumuiya yetu isimfiche. Viongozi mnyang'anyeni daftari la rambirambi leo, mkague kila senti iliyopita mikononi mwake. Asipewe kipaza sauti kwenye shughuli yoyote. Na wewe mama uliyeitikia ile simu, nawe utatafutwa. Wazee wawili wameshanipigia niyamalize kifamilia, "atalipa kidogokidogo". Hapana. Kuna binti aliyemlipa kama mimi, akasafiri kama alivyoshauriwa, sasa yuko Mombasa na hawezi kurudi. Huyo atalipwa nini kidogokidogo? Simsamehi, hapa wala mbele ya Mungu.

Mliomtumia fedha kwa benki, pigeni simu benki yenu leo hii, semeni mmetapeliwa. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za huku zinawajibika kurudisha fedha za utapeli wa namna hii, zilizotoka akaunti moja ya Uingereza kwenda nyingine, mpaka £85,000, mradi udai ndani ya miezi 13. Dai langu la £2,950 liko kwao. Zile taslimu hazimo, ndiyo maana alizitaka taslimu.

Na kama ameshakuombea viza wewe, usisubiri risiti yake. Nenda ofisi ya chuo chako kesho asubuhi, waulize kama ombi lako lipo. Wenye picha za meseji zake, risiti au sauti zake za WhatsApp, msifute. Jumatatu narudi polisi. Anayetaka twende pamoja aniandikie inbox leo.